Uzi: Miaka minne na Impreza WRX ya mwaka 2004 hapa Dodoma. Vumbi, maji ya bomba na gharama ambazo dalali hakuzitaja

Mzee wa Boksa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya wiki chache huingia humu kijana anayeuliza kama anunue gari la michezo lililokwisha kutumika, na majibu anayopewa huwa ya aina mbili tu: ama anaambiwa akimbie kabla hajafilisika, ama anapewa namba ya dalali. Hakuna jibu linalomfaa mtu ambaye moyo wake umekwisha kuamua na anachotaka kujua ni yapi yatakayomkuta. Mimi moyo wangu uliamua miaka minne iliyopita. Ninamiliki Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, gia za mkono, injini ya boksa EJ20 (yaani silinda zake zimelala ubavuni) yenye turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na CC 1,994, ambayo ilipotoka kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 250. Ninaishi Ipagala, ninafanya kazi Mtumba, na gari hili ndilo ninaloendea kazini kila siku. Sina jingine.

Nililinunua Dar es Salaam kwa shilingi milioni 14. Dalali aliniapia kwamba lilikuwa gari la daktari, linakwenda hospitalini na kanisani basi. Inawezekana. Ila kama ni kweli, daktari huyo alikuwa akichelewa ibada kila Jumapili, maana klachi ilikuwa imekwisha, bushi za mbele zimekatika, na tairi nne zilikuwa za kampuni tatu tofauti. Ndani ya miezi sita nilikuwa nimetoa milioni 4 na laki 6 nyingine: klachi, tairi, rejeta, shokapu na bushi, pamoja na mkanda wa taimingi nilioubadilisha na roli zake na pampu ya maji. Mkanda ule niliubadilisha bila kusubiri dalili, kwa sababu hauna dalili. Kwenye injini nyingi zilizotoka Japani mafundi wa kule hubandika stika inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini na gari likiwa na kilomita ngapi; kwenye langu ilikuwapo alama ya gundi tu, stika yenyewe ilikuwa imebanduliwa, na mtu habandui stika inayomsifia gari lake.

Ninataja hesabu hizi kwa sababu ndizo zinazowaangusha watu. Mtu ana milioni 14, ananunua gari la milioni 14, na siku anapolifikisha nyumbani hana hata fedha ya oili. Mwenye milioni 14 atafute gari la milioni 10.

Sasa nije Dodoma yenyewe. Mengi yaliyoandikwa kuhusu magari haya yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao adui yao ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na kutu inayofuata. Sisi kutu si shida yetu kubwa. Shida yetu ni vumbi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo nchi hukauka mpaka mwaka unapokaribia kwisha. Mwezi wa Septemba ukiegesha gari asubuhi Nzuguni, jioni unaweza kuandika jina lako kwenye boneti. Injini ya turbo huvuta hewa nyingi kuliko injini ya kawaida ya ukubwa uleule, na panga la turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo chembe za mchanga zinazopita hapo hula kingo zake za alumini, kisha huingia kwenye silinda na kusaga kuta pamoja na ringi za pistoni. Gari langu lilikuja na ile filta ya wazi yenye umbo la koni, ambayo vijana wanaipenda kwa sababu ya mlio wake wa kuvuta pumzi. Jioni moja niliifungua nikapitisha kidole ndani ya bomba, upande wa nyuma ya filta, yaani upande ambao hewa inapaswa kuwa imekwisha kuchujwa. Kidole kilitoka na unga mwekundu, laini kama poda ya mtoto. Wiki hiyohiyo niliagiza boksi la eya klina la kiwandani kutoka Ilala, la mtumba, kwa laki moja na nusu, na tangu hapo filta ya karatasi ninaikagua kila mwezi wakati wa kiangazi. Mlio umeondoka. Injini ipo.

Watanijibu wengine kwamba Impreza ni gari la rali na halitishwi na vumbi. Ni kweli Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na Richard Burns akashinda mwaka 2000, wote kwa Impreza. Lakini tazameni picha za magari yale: pembeni ya kioo cha mbele limepanda bomba la kuvutia hewa ya juu, iliyo safi zaidi. Waliojua gari lile kuliko sisi sote hawakuliamini na koni ya wazi.

La pili ambalo sikulitegemea ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu hutoka kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na kila mwenye sufuria ya chai Dodoma anayafahamu vizuri, kwa sababu baada ya wiki chache sufuria hupata gamba jeupe ambalo hata steelwaya hailitoi. Gamba hilohilo hujijenga ndani ya rejeta ya mtu anayejazia maji ya bomba. Aliyenitangulia alikuwa akijazia maji tu, na mimi kwa uvivu nikaendelea kwa miezi miwili. Nikitoka Morogoro mchana mmoja wa Oktoba, kwenye mpando wa kuelekea Gairo, sindano ya joto iliyokuwa haijawahi kusogea ilianza kupanda, na kabla sijapata mahali pa kuegesha mvuke ulikuwa unatoka kwenye tundu la hewa lililo juu ya boneti. Gari likawa limechemsha. Rejeta ilipokuja kufunguliwa, karibu nusu ya vijia vyake vilikuwa vimezibwa na kitu kama chokaa. Niliweka rejeta mpya, nikausafisha mfumo mzima, na sasa ninatumia kulanti iliyokwisha kuchanganywa au ninachanganya mwenyewe kwa maji ya betri. Kulanti haipo kwa ajili ya kuzuia kuganda tu, kama wengi wanavyodhani kwa kuwa huku hakuna barafu: inazuia alumini kuliwa na inapandisha kiwango cha kuchemka, na sisi tulio kwenye mwinuko wa mita 1,100 na zaidi, ambako maji ya kwenye sufuria huchemka yakiwa na nyuzi kama 96 tu, tunakihitaji kiwango hicho. Kwa sababu hiyohiyo mfuniko wa rejeta usiobana vizuri ni hatari kuliko unavyoonekana. Bei yake ni ya soda chache. Nunueni mpya.

Palepale Gairo vijana wa kando ya barabara walinishauri tutoe themostati, ile vali inayozuia maji kupita mpaka injini ipate joto, ili maji yazunguke bila kizuizi, na mimi, nikiwa nimechoka na jua linazama, nikakubali. Kosa hilo lilinigharimu petroli ya miezi miwili. Injini ilikuwa haifiki joto lake, kompyuta ikadhani muda wote ni asubuhi na ikawa inamwaga mafuta mengi, na gari lililokuwa likienda kilomita 9 kwa lita likashuka mpaka 6 na nusu.

Nimeandika vya kutosha. Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Nzuguni Kwetu

Mkuu, asante kwa uzi. Swali langu ni fupi: nguvu farasi 250 unazipeleka wapi katika mji ambao kila palipo na makazi kuna kibao cha 50 na askari mwenye tochi chini ya mwarobaini?

Mzee wa Boksa

Sizipeleki popote, mkuu, na hilo ni vizuri mtu alijue kabla ya kununua. Faini ya shilingi elfu 30 nimeilipa mara mbili, zote Kibaigwa. Raha ya gari hili haiko kwenye spidi ya juu. Iko kwenye gia ya pili na ya tatu unapolipita lori la mafuta kwa sekunde chache badala ya kukaa upande wa pili wa barabara ukisali. Iko pia kwenye kona. Basi.

Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, Dar es Salaam sijaenda tena kwa gari. Nilidhani nimelipumzisha, kumbe safari fupi za kila siku zinachafua oili haraka zaidi, kwa sababu oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli iliyopenya. Kwa hiyo oili ninabadilisha kila kilomita 4,000, na Jumapili moja katika mwezi ninalipeleka gari mpaka Bahi na kurudi. Mke wangu anaita safari hiyo kumtembeza mgonjwa.

Fundi Mkongwe

Ninawasalimu nyote. Mimi ni fundi, nimeanza kushika spana kabla wengi wenu hamjazaliwa, na ninaomba kupingana na mwenye uzi kuhusu themostati. Haya unayoyasema ni ya kitabuni na ninayakubali. Lakini themostati nyingi zinazouzwa madukani kwa bei ndogo ni feki, na themostati feki ikikwama imefunga, injini ya boksa hainyanyuki tena: silinda hedi zinapinda, gasketi zinaungua, na mwenye gari anakuja kunililia mimi. Kati ya mteja kulalamika kwamba petroli inakwenda na mteja kulalamika kwamba injini imenoki, mimi nimechagua la kwanza. Magari niliyoyatoa themostati yapo barabarani mpaka leo.

Mzee wa Boksa

Shikamoo fundi. Hoja yako ina uzito na sikuiandika kwenye uzi kwa sababu sikuifikiria hivyo. Niongeze jambo moja linaloiunga mkono: kwenye EJ20 themostati haiko juu maji yanakotokea bali iko chini, kwenye mlango wa pampu, na ile ya kiwandani ni kubwa kuliko nyingi za bei rahisi ambazo ingawa zinaingia mahali pake hazipitishi maji ya kutosha. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka mpya na bado akachemsha, kisha akaamini kwamba dawa ni kuitoa.

Lakini fundi wangu, ipo njia ya tatu. Nilinunua ya kiwandani, na kabla ya kuifunga niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, nikaiangalia. Ilipofika nyuzi 78 ikaanza kufunguka taratibu, na kabla maji hayajaanza kutokota ilikuwa wazi kabisa. Niliitoa ikajifunga. Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini. Ile ya dukani niliyokuwa nimeinunua mwanzo niliitumbukiza pia, na mpaka maji yanatokota ilikuwa imefunguka nafasi ya kupitisha kucha tu. Ninayo bado, nitakuletea uione.

Fundi Mkongwe

Marahaba. Ilete. Na hiyo sufuria usiirudishe jikoni.

Kidawa Area D

Habari zenu. Ninaomba nichangie upande wa pili, kwa sababu uzi huu unaweza kumfanya mtu aamini kwamba gari la michezo ni Subaru tu. Mimi nina Toyota Altezza AS200 ya mwaka 2001, yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita, na ninalitumia mwaka wa tano sasa. Wapenda spidi wanalidharau kwa sababu injini hii ina nguvu ndogo ikilinganishwa na ile 3S-GE ya Altezza RS200 ambayo ilitoka na nguvu farasi 210. Sawa. Lakini 1G-FE ndiyo injini iliyomo kwenye GX110, zile Mark II ambazo kila mtaa wa Dodoma zipo, kwa hiyo fundi yeyote wa Chang'ombe au Majengo anaijua kama anavyoijua njia ya kwake, na spea ninaipata siku hiyohiyo. Linavuta kwa magurudumu ya nyuma, usukani unaongea, na viti vinakukumbatia. Sijui mtu anataka nini zaidi kwa bei ile.

Adui wangu mimi ni jua. Dashibodi imepasuka mara mbili, taa za mbele zimekuwa za njano kama yai, na mipira ya milango imekuwa migumu kiasi kwamba vumbi linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Nilinunua turubai la kufunikia, nikaacha kulitumia: kwenye upepo wa Dodoma linajaa mchanga kwa ndani na kuikwangua rangi. Nimejenga banda la mabati la nguzo nne, na hilo limekuwa matengenezo bora kuliko yote niliyolifanyia gari.

Jambo la mwisho ni la uchungu kidogo. Mwaka jana gari lilianza kukosa nguvu na taa ya cheki injini ikawaka. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ikalipima kwa mashine, ikasema koili tatu, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimekufa, ikaniuzia mpya kwa bei ya mpya. Baada ya miezi mitatu tatizo likarudi. Nilipozitoa mwenyewe nikakuta kwenye koili moja kuna alama ya kalamu nyeupe, namba 4, iliyoandikwa zamani mpaka imefifia. Koili mpya haiandikwi namba na mtu. Tangu siku hiyo ninakaa gereji mpaka kazi iishe, na spea ya zamani ninaondoka nayo. Ninawaudhi, ninajua.

Mzee wa Boksa

Dada Kidawa, hilo la GX110 ni la busara na ninalikiri bila kinyongo. Mimi hapa mjini ninao mafundi wawili tu ninaowaamini kufungua kifuniko cha injini yangu, na mmoja wao yuko safarini mara kwa mara. Hata kubadilisha plagi, kazi ambayo kwako ni ya nusu saa, kwangu ni ya asubuhi nzima, kwa sababu zimelala ubavuni na lazima utoe betri, chombo cha maji ya kioo na boksi la eya klina ili mkono upite.

Chimwaga 04

Wakuu, ninashukuru kwa elimu. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza chuo na nimepata kazi, na kuna Mazda RX-8 ya mwaka 2005 inauzwa milioni 7 Kisasa. Ni safi mno, nyeusi, milango ya nyuma inafunguka kinyume. Muuzaji anasema ni CC 1,300 tu, kwa hiyo mafuta inakula kidogo kama Vitz. Ninaomba ushauri wenu kabla sijalipa kishika gari.

Mzee wa Boksa

Mdogo wangu, shikilia kwanza hicho kishika gari.

CC ni kweli, 1,308 kwa usahihi, lakini hizo si CC za Vitz. Injini ile haina pistoni. Ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka ndani ya chumba kama yai, na kwa jinsi inavyofanya kazi unywaji wake wa petroli uko karibu zaidi na injini ya lita mbili na nusu au tatu. Zaidi ya hapo, imeundwa ichome oili kwa makusudi: pampu ndogo hupuliza oili ndani ya vyumba ili kulainisha siili za kwenye ncha za rota. Mwenye RX-8 anapaswa kuangalia stiki ya oili karibu kila anapojaza petroli, na asiyejua hilo huiua injini huku akijisifu kwamba gari lake halina shida. Tena ukiiwasha asubuhi ili kuisogeza tu kutoka kwenye kivuli, ukaizima kabla haijapata joto, inaweza kugoma kuwaka tena kwa sababu petroli imelowesha plagi.

Siili hizo zikichoka kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya vyumba vya injini, inashuka, na dalili ya mapema ni gari kusumbua kuwaka injini ikiwa ya moto. Kwa hiyo usiridhike na kuiwasha asubuhi ikiwa ya baridi. Liendesheni nusu saa, lizimeni, subirini dakika kumi, kisha liwashe. Ikizungusha muda mrefu bila kushika, shukuru na uondoke. Kipimo cha kompresheni cha kawaida hakifai hapo, maana kila rota ina nyuso tatu na unahitaji kuona kila uso umesomeka ngapi.

Fundi Mkongwe

Nimefungua moja katika maisha yangu. Sitafungua ya pili. Gari zuri kwa kulitazama.

Boksi la Zana

Ninaongeza neno kuhusu tairi, kwa sababu mwenye uzi amelipita haraka na lilinigharimu giaboksi. Impreza zenye turbo na gia za mkono kama yake zinavuta magurudumu yote manne wakati wote, na katikati zina difu yenye mafuta mazito ndani, ambayo kazi yake ni kuzibana ekseli za mbele na nyuma pale zinapozunguka kwa mwendo tofauti. Tairi za mbele zikiwa mpya na za nyuma zikiwa zimelika, mzingo wake hautoshani, kwa hiyo difu inaamini kwamba gari linateleza saa zote, hata kwenye lami kavu ya kwenda Chamwino. Inapata moto, mafuta yanaharibika, inakamata. Watengenezaji wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6. Mimi nilipata pancha isiyozibika, nikanunua tairi mbili badala ya nne ili kuokoa laki tano. Baada ya miezi minne, nikikata kona kali ya kuegesha, gari likawa linagoma na kurukaruka kama lililoshikwa breki ya mkono.

Chukueni utepe wa fundi cherehani, zungusheni kila tairi, andikeni namba. Ni kazi ya dakika tano. Na msome tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinazong'arishwa kwa mafuta hapa mjini, nyingine zina umri wa mtoto wa darasa la sita.

Mzee wa Boksa

Asante sana. Kweli nililipita, kwa kuwa mimi nilibadilisha zote nne kwa bahati, si kwa maarifa.

Kuna walioniuliza pembeni kuhusu kuongeza presha ya turbo. Jibu langu ni hapana. Injini hii ilipangiliwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huuzwa na oktani 100 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema), na hata ikiwa haijaguswa, mchana wa Novemba ukiikandamiza kwenye gia ya juu ikiwa na mzunguko mdogo, unaweza kusikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Mlio huo ni mchanganyiko unaolipuka kabla ya wakati wake, na kinachovunjika ni kingo za pistoni. Mtu anayeongeza presha bila kuirekebisha kompyuta na bila petroli inayostahili anajinunulia injini nyingine kwa mkopo.

Chimwaga 04

Wakuu, nimeiacha RX-8. Niliomba kuliendesha nusu saa na kulizima kama mlivyoniagiza, muuzaji akasema nusu saa ni nyingi na petroli ni yake. Sasa nimepata Altezza AS200 kule Nkuhungu, ya mwaka 2002, milioni 9. Bado ninabaki na akiba ya milioni 2 na nusu. Nimepanga kwenda kulitazama Jumamosi saa moja asubuhi. Ninaomba dada Kidawa aniambie nianzie wapi.

Kidawa Area D

Anza na kadi. Linganisha namba ya chasisi iliyoandikwa na iliyogongwa kwenye bodi, usimwachie dalali akusomee. Kisha fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa ya baridi kabisa, uangalie rangi na hilo gamba jeupe alilolieleza mwenye uzi. Chomoa stiki ya oili. Ndipo mwambie aliwashe, wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosi, si kwenye usukani. Moshi wa buluu wa sekunde chache za mwanzo ndio unaosema ukweli, na hauonekani ila gari likiwa limelala usiku kucha. Sikiliza sailensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, iwe imetulia. Endesha, funga breki uone kama linavuta upande. Peleka likapigwe mashine mahali utakapochagua wewe.

Chimwaga 04

Nimekuelewa, dada. Ila amenipigia jioni hii akasema atakuwa ameliwasha mapema ili nisipoteze muda wa kusubiri injini ipate joto.

Kidawa Area D

Mwambie asiliwashe. Ukifika, kabla hata ya kumsalimia, weka kiganja juu ya boneti.

Chimwaga 04

Nilimwambia, akakubali. Leo nimefika saa kumi na mbili na nusu badala ya saa moja. Boneti ilikuwa ya moto.